Hasara ya Jaribio

Katika elimu zote zinazosomeshwa leo katika vyuo vyetu vikuu, sijui moja inayoigusa riziki ya mtu wa kawaida kwa karibu kuliko elimu ya tijara na uvumbuzi. Maana mtaalamu wa falaki akikosea hesabu ya mwendo wa nyota hakuna nyumba itakayolala na njaa, na mwanahistoria akikosea mwaka wa vita maiti hawafi mara ya pili, lakini mwalimu wa biashara akimwambia mjane mwenye vifaranga mia moja akope aongeze mtaji vipate kuwa mia tano, neno lake huingia moja kwa moja hata jikoni mwa nyumba ile, likaijaza sufuria au likaipindua. Kwa hiyo naona kwamba swali linalostahili kutangulizwa juu ya elimu hii, kabla ya kuuliza kama inaleta faida, ni swali la dini na la hekima ambalo wachumi aghalabu huliacha mlangoni: mwenye maarifa anapomhimiza asiye na kitu ajaribu jambo jipya, na jaribio lile likaanguka pasipo kosa la yeyote, hasara ile ni ya nani?

Swali hili nalipeleka Kibaha na Kisarawe kwa makusudi. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Pwani ni majirani wa Dar es Salaam, moja ukiiendea kwa barabara ya Morogoro na nyingine kwa barabara ya Pugu, na ujirani huo umezipatia mambo mawili kwa pamoja: soko la mji mkubwa limekuwa karibu nazo, na watu wa mjini wenye fikra mpya za kuwatajirisha wenzao wameona wepesi wa kwenda kuzijaribu fikra hizo huko na kurudi kabla ya jua kuchwa. Kitivo cha Biashara na Menejimenti cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoasisiwa mwaka 1979 na ambacho sasa ni Shule Kuu ya Biashara, kimelea kizazi kizima cha walimu na watafiti wa mambo haya. Na mmoja wa waliopata kukiongoza, Profesa Marcellina Chijoriga, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Kibaha mwaka 2022 kwa ajili ya makada wa vyama sita vya ukombozi. Elimu ya biashara na elimu ya uongozi zimekutana basi Kibaha, na zikikutana, hukumu juu ya hasara za raia haiwezi tena kuachwa mikononi mwa wahasibu peke yao.

Jaribio kubwa la kwanza la biashara lililofanywa juu ya watu wa Uzaramo, nchi ya Wazaramo ambamo wilaya hizi mbili zimo, lilitangulia kuzaliwa kwa chuo kikuu chochote katika nchi hii. Mwaka 1902 gavana wa Kijerumani, von Götzen, nyuma yake ikiwapo Kamati ya Uchumi wa Makoloni ya Berlin na wenye viwanda vya nguo wa Ujerumani waliochoka kuitegemea pamba ya Marekani, aliamuru yawepo mashamba ya pamba ya vijiji chini ya majumbe na maakida, yalimwe kwa zamu na watu wazima wa mahali pale, siku 28 kwa mwaka, na mapato yagawanywe. Kwa macho ya walioubuni, mpango ule ulikuwa ni maendeleo yenyewe: Mwafrika angejifunza zao la biashara, angeonja fedha, na ari ya kazi ingeamka ndani yake. Mwaka ule ule wakaanzisha Amani, katika milima ya Usambara, chuo cha utafiti wa mimea na kilimo kilichokuja kupata sifa kubwa. Hivyo miche ikajaribiwa Amani na watu wakajaribiwa Uzaramo. Pamba ilipozaa vibaya, au bei ilipokuwa duni, au wakubwa walipokwisha kuchukua fungu lao, mkulima alibakiwa na ujira mchache hata wengine wakakataa kuunyoshea mkono, na siku zake za kulima mpunga na mtama wake mwenyewe zilikuwa zimekwisha kupita pamoja na mvua.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wazee waling'oa miche ya pamba shambani, na haukupita muda mrefu vita vilifika Maneromango na Kisarawe, ambako jumbe Kibasila alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele, na mwisho wake ukawa kitanzi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000 katika Vita vya Maji Maji, na wanahistoria waliokuja baadaye wakataja idadi iliyozidi mara tatu ya hiyo.

Simfananishi mtafiti wa leo na gavana yule. Huyu wa leo huomba ridhaa, na yule alitumia kiboko, na tofauti hiyo si ndogo. Ninachokumbusha ni kwamba dhuluma ile haikuwa ya kiboko peke yake. Hata ukikiondoa kiboko, unabaki na mpango ambao faida yake ilikuwa na wenyewe wengi na hasara yake ilikuwa na mwenyewe mmoja, naye ndiye aliyekuwa na kidogo kuliko wote. Na mpango wa namna hiyo waweza kurudi hata leo, umevaa mavazi ya heshima, ukiwa na fomu iliyotiwa saini na chai ya saa nne kwa washiriki.

Wahenga wetu walisema hasara humfika mwenye mabezo, na methali hiyo ni ya kweli pale ambapo mabezo yapo. Lakini ugonjwa wa mdondo ukiingia katika banda la kuku hauulizi kama mwenye banda alidharau nasaha au alizifuata, na bei ya chakula cha kuku hupanda kwa mzembe na kwa mwenye bidii sawasawa. Wanachuoni wa sheria walilitafakari jambo hili karne nyingi kabla ya kuwako shule za biashara. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii wa mwambao wetu wamekidurusu kizazi baada ya kizazi, kuna mlango mzima wa kiradhi, ambao leo katika mabenki huitwa mudharaba, yaani ubia ambao mmoja hutoa mali na mwingine hutoa amali yake, kisha faida wakaigawa kwa fungu walilopatana. Mali ikipotea bila ya taksiri wala uvunjaji wa masharti, hasara ya mali ni ya mwenye mali. Mfanyaji amekwisha kupoteza jasho lake na siku zake, na hiyo ndiyo sehemu yake ya msiba. Mkono wake ni mkono wa amana, si mkono wa dhamana, na anayemwekea sharti la kuirudisha rasilmali iliyopotea kwa kudura ya Mungu anauharibu mkataba wenyewe. Tena iko kanuni iliyo pana zaidi, inayopita katika milango mingi ya fikihi, kwamba haki ya kula faida hufuatana na wajibu wa kubeba hasara, na asiyekuwa tayari kwa hili hana hoja juu ya lile.

Wakristo wa Maneromango, ambako Walutheri wa Berlin walijenga misheni mwishoni mwa karne ya 19, na wale wa Minaki, ambako Waanglikana walifungua chuo chao cha Mtakatifu Andrea mwaka 1925, wamehubiriwa mara nyingi mfano wa talanta, na siku hizi mfano huo umepata umaarufu mpya katika semina za ujasiriamali: mtumwa aliyefukia talanta ardhini ndiye mwoga asiyethubutu, na wale wawili waliofanya biashara ndio wa kuigwa. Nausoma mfano huo kwa heshima, na kila niusomapo naona jambo ambalo wahubiri wa semina hulipita mbio. Talanta zilikuwa za bwana. Watumwa wale hawakuambiwa wauze vitanda vyao wapate mtaji. Walikabidhiwa mali ya mwingine, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, na lau biashara ingalianguka, mfuko ambao ungalipungua ni ule wa tajiri aliyesafiri. Kumlaumu mtu aliyeifukia mali ya tajiri ni jambo moja, na kumlaumu mama wa Kisarawe asiyetaka kuiweka rehani nyumba ya watoto wake ni jambo jingine kabisa, na mhubiri anayechukua hukumu ya yule akamwaibishia huyu ameiondoa habari ile mahali pake.

Sasa nije kwa watafiti wenyewe, ambao nawaheshimu, na ambao kazi yao ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, wataalamu wa uchumi kutoka Bergen, Norwei, pamoja na Kituo cha Ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwapa mafunzo ya biashara baadhi ya wateja wa shirika la mikopo midogo la PRIDE mjini Dar es Salaam, na wengine wakawapa ruzuku ya fedha, ili wapime ni kipi kinachomkwamisha mfanyabiashara mdogo, upungufu wa maarifa au upungufu wa mtaji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba mafunzo yaliwanufaisha wanaume kwa dhahiri, na kwamba kwa wanawake athari yake ilikuwa hafifu sana. Wakahitimisha kwamba mwanamke anahitaji zaidi ya darasa. Hapo hakuna aliyedhurika sana, ila kwa saa zilizotumika, na tukapata maarifa ya thamani.

Kazi ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2011 shirika la Femina, ambalo vijana wa shule nchini kote wanalijua kwa jarida lake la Fema, lilionyesha katika televisheni mfululizo wa vipindi vya vijana wajasiriamali ulioitwa Ruka Juu, na watafiti wa Bergen pamoja na wenzao wa hapa wakapanga jaribio lililohusu zaidi ya wanafunzi elfu mbili wa shule za sekondari: walioangukiwa na kura walihimizwa kwa zawadi kuutazama mfululizo ule kwa karibu miezi mitatu, na wengine hawakuhimizwa. Nia ilikuwa njema kabisa, nani angeweza kuikataa? Kijana anaonyeshwa mwenzake aliyeanza na mtaji mdogo akasimama, naye anapata moyo. Lakini yalipopimwa matokeo, ikaonekana kwamba hamu ya biashara iliongezeka kidogo, hasa kwa wasichana. Alama za mitihani zikashuka. Miaka ilipopita, idadi ya walioendelea na masomo ikawa pungufu kuliko ya wenzao wasiohimizwa. Wala haukupatikana ushahidi wa kutosha kwamba walikuwa wamefungua biashara kuwapita wenzao. Waliiachia shule kabla ya kuipata biashara.

Watafiti wale waliyaandika haya waziwazi na kuyachapisha, ingawa wangaliweza kuyakunja na kuyaweka sandukuni, na kwangu mimi ukweli wa namna hiyo, unaosemwa na mtu dhidi ya kazi yake mwenyewe, ni sehemu ya uchamungu hata kama mwandishi wake hakukusudia hivyo. Laiti kila wizara na kila shirika lingekuwa na uaminifu huo. Walakini, nikiisha kuwasifu, nabaki na wanafunzi wale mbele ya macho yangu, ambao sasa ni watu wazima wa umri wa kulea, na nauliza wanadai nini, na wamdai nani.

Nadhani jibu limo ndani ya kura yenyewe. Dini zetu zinaijua kura: Nabii Yunus aliangukiwa na kura jahazini akatupwa baharini ili wenziwe wapone, na mitume waliipiga kura walipomchagua Mathiya ashike nafasi iliyokuwa wazi. Kura ni ya haki pale ambapo watu wako sawa na hakuna ajuaye heri iko upande gani, na hiyo ndiyo hali ya mtafiti mwaminifu kabla ya jaribio. Lakini tazama kura inavyofanya ikisha kuanguka: yule iliyemwangukia hasimami tena kwa ajili ya nafsi yake tu. Akidhurika, amedhurika mahali pa wote ambao wangeweza kuangukiwa nayo, na maarifa yaliyopatikana kwa kudhurika kwake ni mali ya umma mzima, kwani nchi nzima imejulishwa kwamba kumhimiza mwanafunzi kuelekea biashara kwaweza kumwondolea shule. Fikihi inayo faradhi ya kifaya, ambayo ikitekelezwa na baadhi, wengine wote wameondolewa dhambi, kama vile kumzika maiti au kuitafuta elimu inayohitajiwa na watu. Kujaribu jambo jipya kwa faida ya umma ni katika faradhi hizo. Wachache walioingia wakaanguka wametuondolea wajibu huo sisi tuliobaki salama. Basi hasara yao haiwi yao peke yao, wala haiwi ya mwalimu peke yake, bali ni deni la jamaa yote iliyojifunza kutokana nayo, na mwalimu ni wakili wa deni hilo kwa kuwa yeye ndiye aliyewaita.

Nikisema hivi najibiwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni ridhaa. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, haimruhusu mtafiti kuingia vijijini bila kibali, na mshiriki huelezwa na kusaini kwamba amekubali. Naafiki kwamba ridhaa ni nguzo. Lakini wanachuoni wa biashara walikataza gharari, yaani mkataba ambao ndani yake mna jambo kubwa lisilojulikana, si kwa sababu mnunuzi hakuridhia, bali kwa sababu aliridhia asichokijua. Mwanafunzi wa kidato cha nne ameridhia kutazama televisheni. Hakuridhia kuacha shule, kwa kuwa hata waliomwomba ridhaa hawakujua kwamba hilo lilikuwa likimngojea.

Hoja ya pili ni tawakali. Riziki, wanasema, iko mikononi mwa Mola, naye humkunjulia amtakaye na kumdhikisha amtakaye. Basi aliyepata ashukuru na aliyekosa asubiri. Hii ni kweli kwa mwenye kukosa anapozungumza na Mola wake usiku. Haimfai mwenye kupata kuitumia mchana juu ya mwenziwe, maana subira ni fadhila ya anayesubiri, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuihesabu subira ya jirani kuwa ni malipo ya deni lake mwenyewe.

Kibaha inayo mifano miwili inayofundisha, mmoja wa kutisha na mmoja wa kutia moyo. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilijenga kwa mikopo ya nje viwanda vya kubangua korosho, kimoja kikiwa Kibaha, kwa hesabu zilizotegemea mavuno kama ya msimu wa 1973/74, yaliyofika tani 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ikawa duni, ubwiri unga ukaishambulia miti, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa hayafiki tani 20,000. Mitambo ikanyamaza, na mkopo ukaendelea kudaiwa kwa nchi iliyokopa. Waliopiga hesabu zile hawakulipa kitu. Mfano wa pili ni wa mwaka 1963, Tanganyika na nchi za Denmaki, Norwei, Uswidi na Ufini zilipoanzisha Kibaha mradi wa kupigana na ujinga, umaskini na maradhi, wenye shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Hilo nalo lilikuwa jaribio, tena la wageni. Lakini hazina za wageni ndizo zilizobeba gharama, na mwaka 1970 nyumba zikakabidhiwa kwa wenyewe, likasimama Shirika la Elimu Kibaha ambalo liko hata leo. Lau lingaliporomoka, mkulima wa Tumbi, hapo hapo Kibaha, hangalifuatwa kwake kudaiwa sementi.

Na hapo ndipo tulipo leo na mikopo ya halmashauri. Sheria imeziamuru halmashauri zote, na za Kibaha na Kisarawe zikiwamo, zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Nashukuru kwa kuondolewa riba, hasa nikifikiri akina mama walionaswa na wakopeshaji wa mitaani ambao watu wenyewe wamewaita kausha damu. Lakini riba imeondoka na hasara imebaki palepale ilipokuwa: kikundi kilichokopa kwa ajili ya kuku kikafikwa na mdondo, ingawa kilichanja na kikafuata kila kilichofundishwa, kitarejesha sawa na kikundi kilichonywa fedha zake, na majirani watano watalaumiana mpaka salamu zikatike. Kwa mizani ya kiradhi, vikundi hivi viwili haviko sawa hata kidogo.

Ningependa basi kila mradi wa utafiti au wa mafunzo ya biashara unaotoka chuoni ukaingia vijijini utenge katika bajeti yake, kando ya fungu la kupima, fungu la kufidia, na halmashauri nayo iweke sehemu ya ile asilimia 10 kwa kazi hiyo hiyo. Wataniambia kwamba wajanja watajitia hasara ili wafidiwe, na hofu hiyo ni ya haki, lakini haikuwashinda wanachuoni wa zamani, ambao waliitenganisha taksiri na kudura kwa ushahidi wa watu wajuao kazi. Afisa mifugo wa kata anajua kama kuku walichanjwa kwa wakati. Wauzaji wa soko la kuku la Shekilango, Dar es Salaam, wanajua bei ilianguka wiki gani. Mzee wa mtaa anajua fedha ziliingia bandani au ziliingia harusini. Wakae hao kikao kimoja na kikundi kilichoanguka, waulize, waandike, waamue. Na mtafiti aliyelianzisha jambo asafiri kutoka chuoni kwake Mlimani mpaka Maneromango siku hiyo ya kikao, akae pamoja nao katika benchi moja, kama alivyokaa siku ya kugawa fomu.